Kila Risasi na Mwenyewe

Jirani yangu wa mtaa wa Waberi, Garissa, ana bastola ya leseni, na sijapata kukutana na mtu anayeipenda sheria kali ya silaha kuliko yeye. Wengi wanaoisifu sheria hiyo hawana bunduki, kwa hiyo sifa zao haziwagharimu kitu. Wengi wenye bunduki huilaumu, hasa msimu wa kufanya leseni upya ukifika. Yeye bunduki anayo, na bado anasema sheria imelegea. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, ya kutosha kunihakikishia kwamba hasemi hivyo ili kuwafurahisha maafisa. Maafisa wenyewe huwa anawachosha.

Ni mfanyabiashara wa mifugo. Hununua ng'ombe na ngamia malishoni, huwauza soko la Garissa, na njiani hubeba fedha za watu. Hiyo ndiyo sababu aliyowapa waliompa leseni, na ni ya kweli. Mimi ni fundi wa pampu za visima, mtu wa ng'ambo ya mto. Ninachojua nimekipata vitabuni na kwa kufungua mashine zilizoharibika, na Kisomali changu nimekiokota sokoni na visimani. Mimi na yeye huongea Kiswahili. Katika kinywa chake polisi ni "bolisi", na ngeli huzipanga anavyotaka, lakini sijawahi kumsikia akisema neno ambalo hakulikusudia. Ananiita Fundi. Mimi namwita Jirani, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Niseme mapema jambo lenyewe. Kiangazi kilichopita, kwa sababu ya msimamo wake huo, alikaribia kupoteza kitu ambacho kwa mfugaji wa huku kina thamani kuliko bunduki yoyote: nafasi yake katika kundi lake la dia. Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Mtu wa huku akiua au akijeruhi, halipi peke yake. Wanaume wa kundi lake katika ukoo hulipa pamoja, kwa ngamia. Yeye akiuawa, hao hao ndio wanaosimama kudai. Wasomali huiita mag. Mtu aliyetolewa kwenye mag anatembea uchi hata akiwa amevaa silaha, kwa kuwa mwenye kutaka kumdhuru anajua hakuna wa kuuliza.

Falsafa yote ya Jirani kuhusu bunduki inatoka hapo. Alinieleza mara ya kwanza tukinywa chai ya maziwa ya ngamia kibarazani kwake.

"Fundi, sikia. Serikali inaandika jina yangu kwa leseni. Jina moja. Lakini risasi ikitoka ikaua mtu, nani analipa? Mimi, na binamu yangu, na mzee kibofu, macho haoni, hajui hata bistola inafanana nini. Sasa hiyo bunduki ni ya nani?"

"Ni ya wote," nikasema.

"Basi wote waulizwe."

Na kweli aliwauliza. Kabla hajapeleka maombi yake, aliwafuata wazee wa kundi lake, akawaambia serikali itampima akili, na angependa wao wampime kwanza, kwa kuwa wao wanamjua tangu zamani. Walidhani ni mzaha. Kisha akafanya jambo lililowakera baadhi yao: akaenda kwa mzee mmoja wa ukoo jirani, ukoo ambao wamegombania maji nao vizazi kwa vizazi, akamwuliza kama ana pingamizi. Yule mzee alifikiri ni mtego na akamfukuza. Jirani akarudi siku nyingine. Safari ya tatu akapewa maziwa, na jibu: "Wewe kuwa nayo. Kaka yako hapana." Jirani aliliona jibu hilo kuwa la busara kuliko maswali yote aliyoulizwa na bodi ya leseni Nairobi. Kaka yake, alisema, ana hasira ya karibu.

Nyumbani, bastola inakaa ndani ya kasha la chuma lililofungwa sakafuni kwa bolti. Bolti nilizifunga mimi, naye alisimama nyuma yangu akikagua kila moja. Hakuna mwingine aliye na ufunguo, hata mke wake, na mke wake halisahau jambo hilo. Nilimsikia siku moja akimwambia mumewe kupitia dirishani, kwa Kisomali, kwamba chuma hicho kimepata chumba chake mwenyewe, na yeye alipoolewa aligawana chumba na mama mkwe.

"Mama hakuhitaji leseni," Jirani akajibu.

"Alihitaji," mke akasema. "Tulikosa tu bodi ya kumpima."

Jirani alicheka mpaka akakohoa. Baadaye alinitafsiria mzaha huo wote, ingawa niliuelewa, kwa sababu alitaka kuusikia tena.

Kwa shabaha ni mbovu. Hili halifichi. Siku ya kujaribiwa kwenye uwanja wa kulenga, mkufunzi alimwita pembeni akamwambia, "Mzee, umepiga karatasi ya mwenzako." Yeye akasema, "Basi mwenzangu apasi." Ilibidi arudie mafunzo, na aliyarudia bila manung'uniko. Watu wa soko walipomcheka, aliwaambia kwamba afadhali mtu anayejua hawezi kulenga kuliko anayedhani anaweza. Wa kwanza atafikiri kabla ya kuitoa. Hajawahi kufyatua risasi nje ya uwanja ule. Wakati mmoja walimwomba apige hewani kwenye harusi ya mpwa wake, kama wanavyofanya wengine, akakataa. Shangazi za bi harusi wakamwita bahili wa risasi. Akala wali wake, akaondoka mapema.

Kwenye kizuizi cha polisi, pale darajani, abiria wote hushuka na vitambulisho mkononi. Yeye hangoji kuulizwa. Humwendea askari wa kwanza, mikono ikionekana, na kusema maneno yale yale kila safari: "Afisa, niko na silaha ya leseni. Iko kulia. Sasa wewe ndio unaniambia nifanye nini." Kuna askari mgeni aliyeshtuka kwa maneno hayo hata akainua mikono yake mwenyewe. Abiria waliinama chini wasicheke. Jirani alimwambia kwa upole, "Shusha, kijana. Mimi ndio wa kuinua." Tangu siku hiyo, askari huyo akimwona humwamkia "baba".

Mtu akisikia hayo atadhani Jirani anaipenda serikali. Haipendi. Alipokuwa kijana alilazwa kifudifudi uwanjani pamoja na wanaume wa kijiji kizima, juani, wakitakiwa waitoe bunduki ambayo wengi wao hawakuijua. Ana kovu begani la siku hiyo. Nilimwuliza inakuwaje mtu aliyepigwa na serikali kwa ajili ya silaha aipe serikali hiyo hiyo haki ya kuhesabu silaha.

"Nilichapwa kwa sababu ya bunduki ya mtu mwingine," akasema. "Ile haikuwa na jina. Kitu haina jina, kila mtu anachapwa. Mimi nataka kila bunduki iwe na jina, kila risasi iwe na mwenyewe. Halafu waende kwa mwenyewe. Mimi waniache nilale."

Kwa wanasiasa hana subira. Hupiga simu kwenye kipindi cha asubuhi cha redio na watangazaji wanaijua sauti yake. Malalamiko yake hayabadiliki: kwamba sheria inamkunja mchungaji na inamwinamia mkubwa. Husema mheshimiwa akitoka na walinzi wenye bunduki ndefu anaitwa mwenye usalama, na mfugaji akitoka na moja kulinda ngamia anaitwa jambazi. Lakini tofauti na wapigaji simu wengine, hamalizii kwa kudai mfugaji aachiliwe. Humalizia kwa kudai mkubwa naye apimwe akili kila mwaka. Mtangazaji mmoja alimwuliza ni nani atakayempima. "Mke wake," Jirani akasema, na simu ikakatika.

Sitaki kumchora kama mtu asiye na kasoro. Ana majivuno. Mkoba wa ngozi wa ile bastola alishonewa na mafundi wawili kwa sababu wa kwanza hakuupinda vizuri, na kila Ijumaa baada ya alasiri huisafisha silaha hiyo kwa upole ambao mke wake anasema hajaupata. Ni mbishi, na akishinda ubishi hurudi kesho yake kuushinda tena. Husema bunduki ni balaa, kisha humtajia kila mgeni kwamba anayo. Nimejaribu kuyapatanisha hayo mawili nikashindwa, na nadhani hata yeye hajaribu.

Sasa nije kwenye kiangazi hicho.

Upande wa Bura kuna kisima cha pampu kinachonywesha mifugo ya koo mbili, ule wa Jirani na ule wa mzee aliyempa maziwa. Vijana wa pande hizo mbili walirushiana risasi kisimani hapo, na mchungaji mmoja wa upande wa pili akaumizwa paja. Aliyempiga hakujulikana, na bunduki yenyewe haikujulikana pia. Kundi la Jirani likakubali kulipa. Lakini katika kulipa huko wakaona aibu, na aibu ikawa hasira. Ikaanza kusemwa kwamba dawa ni kila boma kuwa na bunduki yake. Zilishakuwepo kadhaa, zimefichwa. Mwanasiasa mmoja wa ukoo huo huo, aishiye Nairobi na mwenye kutaka kiti cha ubunge, akatuma ujumbe kwamba anakuja kuzungumza nao.

Jirani akatangaza kwamba siku hiyo atapinga. Hapo ndipo wakaja Waberi watu wawili, mzee mwenye ndevu za hina ambaye ndiye msemaji wa kundi, na bwana mmoja mchuuzi wa ngamia, mnene, ambaye kila mtu alijua ana bunduki ya siri. Nilikuwa kibarazani. Hawakunificha neno, labda hawakujua ninaelewa.

"Ukisimama kinyume chetu mbele ya watu," mzee akasema, "usituhesabu. Damu yako itakuwa yako."

"Mnanitoa kwenye mag?"

"Wewe ndiye utakayekuwa umejitoa."

Yule mchuuzi akaongeza, "Hata hivyo una bastola. Mwoga mwenye bastola hahitaji ukoo."

Walipoondoka, Jirani alikaa muda mrefu bila kugusa chai. Nilimwona anaogopa, na sikuwahi kuona hilo kabla. Mke wake akatoka, akaketi mlangoni.

"Watafanya?" akamwuliza.

"Watafanya."

"Basi nyamaza siku moja tu. Miaka yote umeongea. Wamekusikia."

"Nikinyamaza siku hii," akasema, "zile zote nilikuwa naongea na redio." Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. "Fundi, mtu akitolewa, hata mwenye kunigonga na gari hana wa kumuuliza. Watoto wangu pia. Na wakinitoa nitarudisha bistola kwa bolisi siku hiyo hiyo. Risasi yangu itakuwa haina mwenyewe. Nimesema mtu kama huyo asibebe, sasa nikuwe mimi?"

Siku ya mkutano nilikuwepo kwa sababu pampu ilikuwa imekataa kuvuta na nilikuwa nimeitwa kuiangalia. Wanaume walikaa duara kwenye mchanga, bakora zimelazwa mbele yao. Silaha haziletwi kwenye shir, baraza lao la wazee, na Jirani alikuwa ameiacha bastola yake Waberi ndani ya kasha. Wanawake wenye vibuyu vya maziwa walikaa nyuma, karibu nami na mapipa ya maji.

Mwanasiasa alijua kusema. Alisema sheria ya silaha imetungwa na watu wanaolala nyumba za mawe zenye walinzi mlangoni. "Wao wanalindwa, nyinyi mnapekuliwa." Watu wakaitikia, na kusema haki nami niliona hapo hajakosea. Akaahidi kwamba wakimchagua, kila boma litapata bunduki, na askari wakiwasumbua wampigie yeye simu. "Nitasimama nanyi," akasema, "litokee litakalotokea."

Jirani akaomba nafasi. Mzee wa ndevu za hina alimtazama. "Sema," akamwambia. "Lakini ujue unasema umekaa wapi."

Alisimama. Sauti yake ilikuwa chini kuliko ile ya redioni.

"Mheshimiwa amesema kweli kuhusu nyumba za mawe. Mimi hushuka kwenye kizuizi nikaonyesha leseni, na mkubwa hupita kioo kimefungwa. Ni uonevu. Lakini dawa yake ni mkubwa naye ashushwe. Sisi sote tukipita bila kuulizwa, hilo si haki, ni vita." Akawageukia wazee. "Sasa nauliza. Vijana wetu wakipewa hizo bunduki, na mmoja akaua upande ule, mag italipwa na nani?"

"Na sisi," wakajibu wengi, kana kwamba ni swali la mtoto.

"Na Mheshimiwa ni damu yetu, na amesema atasimama nasi. Tumhesabu pamoja nasi? Ngamia wake waingie na wetu?"

Watu wote wakamgeukia mgeni. Akatabasamu. Alikuwa amekaa mjini muda mrefu, akajibu kama watu wa mjini wanavyojibu.

"Adeer, mzee wangu, mimi ni kiongozi wa wote. Siwezi kujifunga kwenye mag ya watu wachache. Hata upande wa pili kuna wapiga kura wangu."

Sidhani alielewa alichosema. Huku mtu anaweza kukataa kukuazima gari, anaweza hata kukataa kukuoza binti yake, na bado akabaki ndugu. Akikataa mag, hapo undugu umekwisha, na amekataa mbele ya mashahidi. Kisha mama mmoja wa maziwa akasema, si kwa sauti kubwa, akimwambia mwenzake:

"Kumbe risasi ni zake, ngamia ni wetu."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaingia kwenye duara. Wazee wakongwe kabisa, wale waliokuja wakishikwa mkono, walicheka wakifuta macho. Jirani angeweza kuongeza neno, na kwa tabia yake nilitegemea aongeze kumi. Alisema tu, "Nimemaliza," akakaa.

Mwanasiasa aliondoka kabla ya chakula. Wazee walizungumza mpaka alasiri, wakasali, wakazungumza tena. Uamuzi ulitangazwa na mzee wa ndevu za hina mwenyewe, amesimama, kwa sauti ya mtu aliyelitafuna neno lake na kulimeza. Tangu siku hiyo, risasi iliyotoka kwenye bunduki isiyo na leseni hailipiwi na kundi. Mwenye bunduki atalipa kwa wanyama wake peke yake, na wakiisha, hana wa kumlilia. Anayetaka leseni aje kwanza aulizwe hapa. Na aliyesema hivi leo, akamwonyesha Jirani kwa bakora, yuko ndani ya mag, na atakayesema yuko nje na aseme sasa. Hakuna aliyesema.

Ujumbe ukapelekwa upande wa pili, nao wakaapa kuufuata uamuzi huo huo. Kisha likatokea jambo ambalo misako ya miaka mingi haikulifanikisha. Bunduki zilianza kufika kwa chifu zenyewe, zimekunjwa ndani ya mikeka, juu ya punda. Nyingi zililetwa na akina mama, ambao siku zote walijua zilipofukiwa, na ambao hawakutaka ngamia wa watoto wao waliwe na chuma. Chifu alizipokea akazipeleka kituoni, na hakuna aliyelazwa juani.

Mara ya mwisho nilipomwona Jirani malishoni ilikuwa juzi, kwenye kisima hicho hicho. Nilikuwa nabadilisha mpira wa pampu. Ngamia wa koo mbili walikuwa wamepangwa zamu, wakinywa, wachungaji wakizozana tu kuhusu nani ameruka foleni. Jirani alikuwa amekaa kivulini mwa banda la injini na kikombe cha chai, amewapa mgongo watu waliokuwa wakiongea upande wa pili wa ukuta wa mabati.

Walikuwa wanunuzi kutoka Buna, mbali huko kaskazini, na aliyewasimulia alikuwa yule mchuuzi mnene. Wao walikuwa wameuliza vipi kisima kimetulia hivi. Naye akawaeleza, kwa ufasaha ambao sikuujua. "Sisi hapa tulikaa chini tukaona," alisema. "Bunduki isiyo na jina ni deni la kila mtu. Mimi mwenyewe niliwaambia watu: kila risasi iwe na mwenyewe."

Nikamtazama Jirani.

"Ni maneno yako hayo," nikanong'ona. "Hutamwambia?"

Aliinua mkono ninyamaze, asipitwe na neno.

"Fundi, huyu akiiba ngamia yangu nitamfuata mpaka Mandera," akasema polepole. "Hii mwache aibe."

Upande wa pili wa mabati, watu wa Buna wakamwomba mchuuzi arudie habari hiyo kutoka mwanzo, pole pole, wapate kuifikisha kwao bila kuipotosha. Mchuuzi akakohoa kusafisha koo, akaanza upya. Jirani akainamia kikombe chake, amefumba macho, akaisikiliza yote hadi mwisho.